“Unajitahidi Sana, kwa Mkimbizi”

Wiki hii ni zamu yangu. Nimeahirisha mara mbili na wanaopanga ratiba wamenivumilia, asanteni. Niliwaambia kazi ni nyingi, lakini ukweli si huo. Jambo ninaloliandika lina sehemu moja ambayo mkosaji ni mimi mwenyewe, na nilikuwa natafuta namna ya kuliandika bila kuigusa. Sijaipata. Basi nitaigusa.

Mama yangu anauza samaki Majanji. Kwa ambao hamjafika, Majanji ni mwalo wa wilaya ya Busia, Uganda, ukingoni mwa Ziwa Victoria, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Alfajiri mitumbwi inarudi na samaki wale wadogo ambao Uganda wanaitwa mukene, Kenya omena, Tanzania dagaa. Sisi tuliozaliwa Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, tunazoea kusema ndagala. Wataalamu watasema samaki wa ziwa letu ni wa aina nyingine, na ni kweli. Kwa mama tofauti hiyo si kubwa: anayejua kuanika mmoja anajua kuanika mwingine. Ndiyo maana tulipotoka Nakivale alichagua huku. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kutafuta maisha nje ya makazi, ila ukitoka, mgao wa chakula haukufuati. Mama alisema hivi: “Mi siwezi kungoja bunga ya kugawiwa na ziwa iko pale.”

Mukene huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi hazina nguvu na mitumbwi inarudi mitupu. Kwa hiyo mama anahesabu mwezi kuliko anavyohesabu kalenda. Karo yangu ya chuo, diploma ya biashara pale Tororo, ililipwa na siku za giza. Nataka mkumbuke hilo mkifika katikati ya habari hii.

Baada ya diploma nilipata kazi Busia mjini, kwenye kampuni ya wakala wa forodha. Jina lake silitaji, na si lazima mlijue. Kazi yenyewe naipenda. Lori linakuja na mzigo, sisi tunaandaa hati, tunalipia ushuru, tunafuatilia mpaka geti lifunguliwe. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018, ukitoka Uganda unapita moja kwa moja hadi upande wa Kenya, na huko maofisa wa nchi zote mbili wamekaa jengo moja. Unasimama mara moja badala ya mara mbili. Mimi ni mtu wa hati. Nikikosea tarakimu moja, dereva analala barabarani. Mpaka leo nimelaza madereva wawili tu, na wote wawili nimewaomba msamaha.

Siku ya usaili bosi alisoma vyeti vyangu, akauliza maswali, nikajibu yote. Akatabasamu, akasema: “Unajitahidi sana, kwa mkimbizi.”

Nikajibu: “Asante, bosi.” Na nilishukuru kwa moyo wote! Nilimpigia mama simu nikamwambia wamenisifu. Usiku ule sikupata usingizi na sikujua kwa nini. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa. Sentensi ile ina mkia. Bila mkia ni sifa. Ukiuweka mkia, inasema: wenzako hawawezi, wewe tunakushangaa.

Sasa niwape mengine, haraka haraka, maana yote madogo.

Ofisini nina jina. Liko kwenye mkataba, liko kwenye kitambulisho cha shingoni. Lakini naitwa “Congo”. “Congo, leta faili.” “Congo, mteja wako amefika.” Tuna kaka mmoja kutoka Burundi anayeandika magari yanayoingia uwanjani. Yeye pia ni mkimbizi. Yeye anaitwa kwa jina lake, na wakimheshimu zaidi wanasema bwana fulani.

Ofisi ina watu kumi na wawili, wanawake ni wanne. Chai ya saa nne nilikuwa napika mimi. Hakuna aliyeniagiza rasmi. Siku ya kwanza waliniomba kwa sababu ni mgeni, siku ya pili kwa sababu jana niliipika vizuri, na kuanzia ya tatu hawakuomba tena.

Kuna siku nilikuja nimefunga nywele kwa uzi, kama mama alivyokuwa ananifunga nikiwa mdogo. Mtu mmoja akasema, “Leo Congo amekuja na antena, labda tutashika redio ya Kinshasa.” Wakacheka, nami nikacheka. Mchana tulitarajia mteja mkubwa kutoka Nairobi. Bosi akanivuta pembeni kwa upole kabisa, akasema siku za wateja nijitahidi kuwa “nadhifu”. Nilikuwa nimeoga, nimepiga pasi, viatu vinang’aa. Kesho yake nikanunua wigi.

Siku nyingine zilipotea shilingi elfu ishirini za matumizi madogo. Hakuna aliyenishtaki. Ila macho yalitembea chumba kizima, yakaja yakatua kwangu, yakakaa. Hela zilionekana jioni ndani ya kitabu cha risiti. Hakuna aliyesema pole, na hawakuwa na la kusemea pole, maana hawakusema neno tangu mwanzo. Ukilalamika, unalalamikia nini? Macho?

Halafu wakija wageni wa mradi, wale wanaoulizia “ujumuishaji”, ghafla mimi si wa jikoni tena. Naitwa mbele nipigwe picha. “Huyu ndiye mkimbizi wetu.” Wetu! Kama mtu anavyosema mbuzi wetu.

Nimeandika hayo, na nikiyasoma tena naona jinsi yalivyo madogo. Kila kimoja ukikiweka peke yake mezani hakijazi hata kijiko. Lakini wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, na sidhani walikuwa wanazungumzia akiba tu. Kuna methali nyingine ambayo naiona kila siku hapa sokoni: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku akinunuliwa leo anafungwa kamba ili asipotee, na wiki ikiisha anafunguliwa. Mimi nina miaka mitatu Busia. Kamba haionekani, ila nikitaka kwenda mbali kidogo naisikia inavuta.

Kitu walichokishika kuliko vyote ni Kiswahili changu. Nyumbani tunasema batu, bintu, banasema, banakuja. Nikiwa nimechoka kinanitoka. Basi ofisi nzima: “Batu! Batu bamekuja na bintu!” Nilichunga ulimi. Nikajifunza kusema watu, vitu, wanakuja. Nikawa nasema sanifu kuliko wao, maana Kiswahili cha Busia nacho mnakijua. Nilijifunza vizuri mpaka wateja wapya wakawa wananiuliza kama natoka Mombasa. Nilifurahi. Naomba mlikumbuke na hilo.

Kumbe hawa wanaocheka batu, wakifika nyumbani wanasema nini? Kwa Kiganda watu ni abantu. Kwa Kisamia hakiko mbali. Ile ba ndiyo yao, ndiyo yetu, ndiyo ya karibu kila mtu kuanzia ziwa hili mpaka lile la kwetu. Wanayemcheka ni bibi yao wenyewe. Lakini mimi sikuliona hilo wakati ule. Nilikuwa nashughulika kusahihisha mdomo.

Sasa naja kwenye siku yenyewe.

Mama huwa anapeleka mukene Kenya mara moja moja. Mzigo mdogo, ambao thamani yake haizidi dola 2,000, Jumuiya ya Afrika Mashariki imeuwekea utaratibu mwepesi: kama bidhaa iko kwenye orodha iliyokubaliwa na imetoka ndani ya jumuiya, mfanyabiashara anajaza cheti rahisi cha asili ya bidhaa, hahitaji wakala. Wengi wanaovuka na mizigo ya namna hii pale Busia ni wanawake. Ila karatasi ni karatasi. Kama hujui kusoma Kiingereza, cheti rahisi si rahisi. Siku ile walimrudisha kwa sababu kuna sehemu haikujazwa sawasawa. Jua linapanda, gari limeshalipwa nusu, wateja wa ng’ambo wanapiga simu. Akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alikuja ofisini kwangu.

Aliingia na khanga yake ya kazi, kandambili, na harufu ya mukene. Mnaijua harufu ile. Inakaa kwenye nguo hata ukifua. Dada wa mapokezi akaziba pua kwa kiganja. Mwingine akafungua dirisha kwa nguvu ili sote tusikie. Mama akasimama katikati ya chumba, akaniona. Na sijui aliona nini usoni kwangu, kwa sababu hakuniita jina. Akasema:

“Jambo madamu. Niko natafuta mutu wa kunisaidia kwa hii karatasi. Bale batu ba mupaka banasema haiyajazwa muzuri.”

Nyuma yangu nikasikia mtu ananong’ona, “Batu ba mupaka,” na kicheko kikikandamizwa. Halafu mwingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Congo, ndugu zako wanazidi kuongezeka.”

Nikasema: “Karibu mama. Subiri pale nje kidogo, tutakuita.”

Hapo ndipo Kiswahili kilinisaidia uovu wangu. Mama! Kila mwanamke mtu mzima ni mama. Muuza nyanya ni mama, mke wa bosi ni mama. Nilimwita mama mbele ya watu wote na hakuna hata mmoja aliyesikia. Yeye akajibu, “Ndiyo, madamu,” akatoka, akakaa juu ya gunia lake kwenye jua. Dada wa mapokezi akauliza, “Unamjua?” Nikasema, “Ni mteja tu.”

Nilijaza karatasi yake. Dakika kumi hazikufika. Nilimpelekea nje, akaipokea kwa mikono miwili kama wateja wanavyoipokea, akasema asante. Akaenda. Alivuka siku hiyo hiyo, mzigo uliuzwa. Jioni alinitumia ujumbe wa sauti kuuliza kama nimekula. Kuhusu ofisi, neno hata moja.

Sikwenda Majanji wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu binamu yangu alinipigia kutoka Marekani. Yeye na mumewe walihamishiwa huko kutoka Nakivale, na sasa anafanya kazi kwenye kampuni ya bima, ghorofa ya juu, zulia mpaka chooni. Nilimsimulia ya “Congo” na ya antena, si ya mama. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema huko wenzake wanaomba kumshika nywele, na wengine hawaombi. Akasema kwenye mkutano akitoa wazo wanyamaza, halafu mwanaume akilirudia lile lile wanaandika. Na bosi wake alimwambia wiki ya kwanza kwamba anaongea Kiingereza vizuri sana, kwa mtu aliyetoka Afrika. Ule mkia! Umevuka bahari nzima haujakatika.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba jambo hili lina jina. Kule wanaita maikroagresheni, tuseme uchokozi mdogo mdogo. Neno hilo lilitungwa mwaka 1970 na Chester Pierce, daktari Mweusi wa magonjwa ya akili aliyefundisha Harvard. Alikuwa anaeleza zile dharau ndogo za kila siku ambazo Mmarekani Mweusi alizipokea, ambazo mwenye kuzitoa mara nyingi hajui hata kama amezitoa. Kiswahili tayari kina maneno jirani. Tuna kijembe, lakini mrusha kijembe anajua anachorusha. Tuna masimango, pale mtu anapokukumbusha kila mara kwamba unakula kwake. Hili la ofisini lina kijembe ndani yake, lina masimango ndani yake, ila anayetoa anaweza kuapa kwa Mungu kwamba alikuwa anatania, na asiwe mwongo.

Nilimuuliza binamu: lakini kwenu ni Wazungu na Weusi. Hapa Busia sote ni weusi. Inawezekanaje iwe kitu kile kile?

Tulibishana nusu saa, hela ya simu ni yake. Nikaendelea kusoma mwenyewe. Nikakuta habari ya kesi moja ambayo imenisaidia kuliko ushauri wote. Wanawake watano Weusi waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors huko Marekani. Kabla ya mwaka 1964 kampuni haikuwa imeajiri mwanamke Mweusi. Walipokuja kupunguza watu miaka ya 1970, wakatoa kwanza wa mwisho kuingia, na hao wakawa wanawake Weusi. Mwaka 1976 mahakama ikawakatalia kuunganisha madai. Ilisema kama ni ubaguzi wa jinsia, kampuni inaajiri wanawake, na hao walikuwa Wazungu. Kama ni wa rangi, inaajiri Weusi, na hao walikuwa wanaume. Kwa hiyo wao wenyewe hawakuonekana popote. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw, naye mwanamke Mweusi, akaitumia kesi hiyo kueleza kwamba mtu anaweza kusimama kwenye makutano ya barabara, akagongwa na gari la upande huu na la upande ule kwa pamoja.

Sisi wa mpakani hatuhitaji kuelezwa makutano. Nilifikiri kuhusu kaka wa Burundi. Ni mkimbizi kama mimi, lakini hapiki chai. Dada wa mapokezi ni mwanamke kama mimi, lakini hakuna anayemwita “Uganda”. Nikisema tatizo ni ukimbizi, watanionyesha yule kaka. Nikisema ni uanamke, watanionyesha yule dada. Mimi niko katikati na faili mkononi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali langu ni hili, mnaweza kunipinga kwenye maoni. Rangi ni kamba moja tu. Pasipo na tofauti ya rangi, watu husuka kamba nyingine kwa walichonacho: lafudhi, kabila, kambi, nywele, hata kiwango cha weusi, maana “mweusi mpaka unang’aa” nimeambiwa na watu weusi. Si kitu kile kile. Kwa binamu yangu kuna historia ya utumwa nyuma ya ule mkono unaoshika nywele, na mimi sitajitwisha historia isiyo yangu. Lakini kazi inayofanywa ni moja: kukukumbusha, kidogo kidogo na kwa tabasamu, kwamba nafasi uliyokalia si yako.

Na ikikukumbusha vya kutosha, unaanza kuwasaidia. Hilo ndilo sikulikuta kwenye maelezo ya kitaalamu, nimelikuta kwangu mwenyewe. Walinicheka kwa batu, nikaiondoa batu. Walicheka uzi, nikanunua wigi. Halafu akaja mama yangu amebeba vyote nilivyoviondoa, nikamwondoa na yeye. Hakuna mtu ofisini aliyeniambia nimtoe nje. Nilijituma.

Wiki ya nne nilikwenda Majanji. Nilifika Jumamosi kabla ya jua, giza la mwezi mwandamo, mitumbwi imejaa. Nilivua viatu nikaingia kwenye nyavu pamoja naye kugeuza samaki. Ukichelewa kugeuza wanashikana, na mvua ikija kabla hawajakauka umepoteza mtaji. Tulifanya kazi bila kusema. Nilikuwa nimeandaa hotuba kwenye taksi, yote ikaisha. Nikasema tu: “Mama, siku ile ofisini. Nisamehe.”

Hakuacha kugeuza. Akasema: “Balikulipa ile mwezi?”

Nikasema ndiyo, walinilipa.

“Basi. Mi niliona ile biro, niliona kiti yako. Nilisema leo nisimuharibie.” Halafu baada ya muda: “Lakini usirudilie.”

Ni hayo tu. Anayetaka maneno zaidi ya hayo hamjui mama yangu.

Sitawadanganya kwamba nilirudi Jumatatu nikiwa simba. Nilianza kwa kuandika. Daftari dogo, tarehe, nani alisema nini, nani alikuwepo. Mwezi mmoja. Lengo langu la kwanza halikuwa kumshtaki mtu. Nilitaka kujua kama kweli yapo au ninayawaza tu, maana ukiambiwa “unajali sana vitu vidogo” mara nyingi unaanza kutojiamini. Yapo. Mwezi ule yalikuwa kumi na manane.

Kisha nilimwendea dada wa mapokezi, tukiwa wawili. Nilimwambia yule mama wa samaki alikuwa mama yangu mzazi. Alinyamaza. Halafu akaniambia kitu sikukitarajia: alisoma Kampala, na kule walikuwa wanamcheka kwa Kiganda chake cha Kisamia, mpaka akawa haongei darasani. “Nilidhani ukichekwa ukacheka, inaisha,” akasema. Sasa mimi na yeye si marafiki wakubwa, ila tunasalimiana kwa majina.

Kwa bosi haikwenda laini. Nilimwomba dakika tano, nikasema naomba niitwe jina langu, Congo ni nchi, na chai ipikwe kwa zamu. Akasema, “Lakini hapa sisi ni familia, huo ni utani.” Nikamwambia, “Ndiyo bosi, na mimi naomba niwe wa familia kwa jina langu.” Akacheka, akakubali. Ratiba ya chai ipo ukutani sasa. Wanaume wawili bado wanachemsha maji wakasahau majani. Watu wawili bado wananiita Congo. Na mkataba wangu, ambao ulikuwa wa mwaka, safari hii umeongezwa miezi mitatu. Sababu niliyopewa ni kwamba biashara ni ngumu. Wengine walipewa mwaka. Nawaambia hili ili msiseme nimewapa hadithi tamu.

Kwa hiyo wenzangu mnaofanya kazi, au mnaotafuta, jueni haya. Mkimbizi anayetambuliwa Uganda ana haki ya kuajiriwa, iko kwenye ile sheria ya 2006. Sheria ya Ajira, nayo ya 2006, inakataza ubaguzi kazini kwa ajili ya rangi, jinsia, dini, asili ya taifa au ya jamii unayotoka, na mengine. Malalamiko unaweza kuyapeleka kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, na Uganda iliuridhia mwaka 2023. Sheria haiwezi kuadhibu macho wala kicheko. Lakini mkia ukikua ukawa mshahara kupunguzwa, au mkataba kukatwa, au mkono kukushika, hapo daftari lako litakuwa na kazi. Andikeni tarehe. Msitegemee kukumbuka.

Na kwa sisi wenyewe humu kikundini: juzi mdogo wetu mmoja aliyetoka Sudan Kusini aliandika Kiswahili chake cha kujifunza, tukamjazia vicheko. Mimi niliweka vitatu. Nimevifuta.

La mwisho. Wiki iliyopita mama alikuja tena mjini na karatasi. Safari hii nilikuwa nimemwomba aje. Aliingia na khanga ile ile na harufu ile ile. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka chumba cha bosi: “Huyu ni mama yangu mzazi.” Nikavuta kiti changu, nikamkalisha, nikajaza fomu nikiwa nimesimama. Kaka wa Burundi akaja kumwamkia kwa mikono miwili. Yule wa dirisha akalifungua dirisha tena. Nilimwona, na mama alimwona.

Mama alikaa mpaka fomu ikaisha. Alipotoka alimwambia dada wa mapokezi, “Mubakie muzuri. Siku ingine nitabaletea ndagala.”

Ndagala, alisema. Sikumsahihisha.